Nilipewa ukuu wa TEHAMA, kumbe kuongoza sijui: kisa cha Desemba hapa Moshi

MangiWaJedwali (mleta uzi)

Habari za humu ndani wakuu.

Miaka yote mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo naomba nitoe langu. Kila wiki naona vijana wa kanzidata (mifumo ya kuhifadhi data) wanauliza humu, "Nisomee cheti gani nipande cheo?" Vyeti ninavyo. Siku niliyovihitaji havikunisaidia kitu.

Niliajiriwa kwenye taasisi moja ya akiba na mikopo hapa Moshi mjini, jina libaki kapuni. Kwa miaka sita nilikuwa peke yangu: fundi printa mimi, mvuta nyaya mimi, msimamizi wa PostgreSQL, yaani programu ya kanzidata yetu, mimi. Mfumo ukigoma natafutwa hadi chooni. Nisiwadanganye, nilikuwa napenda. Kuwa mtu pekee anayejua nywila kuna utamu wake. Ukiomba ruhusa, ofisi nzima inaingiwa na baridi, na wewe unajisikia mtu.

Taasisi ikakua. Wakaniajiria kijana aliyetoka chuo, mimi nikapewa barua ya Mkuu wa Kitengo, ofisi yenye mlango na posho ya vocha. Kazi nikaendelea nayo ileile. Kijana nikamwachia printa.

Sasa mnaijua Desemba ya Uchagani. Nusu ya Dar inahamia huku, kila mtu anataka hela ya mbuzi, ya mbege na ya kuezeka nyumba ya mama. Ijumaa ya tarehe 23 Desemba 2022 foleni ya wanachama ilianza kabla ofisi haijafunguliwa. Mimi niko kihambani, shamba la ukoo, Kibosho tangu jana yake, tunachuna mbuzi. Saa nne asubuhi simu inaita, mikono yangu imejaa damu, shangazi ndiye aliyeipokea akaniwekea sikioni.

"Bosi, mfumo uligoma, diski ilikuwa imejaa. Nimepata nafasi, nimefuta logi za zamani. Ila sasa hauwaki kabisa."

Logi zipi?

"Zile za kwenye folda ya pg_xlog."

Wanaojua PostgreSQL hapa wameshashika kichwa. Kwa wasiojua: kabla ya kugusa jedwali lolote, kanzidata huandika kwanza kwenye daftari lake la pembeni kwamba "naenda kubadilisha hiki na hiki". Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inasoma daftari hilo inajua ilipoishia. Ni kama karani anayeandika kwenye daftari la siku kabla ya kupeleka kwenye leja. Daftari hilo ni mafaili ya megabaiti 16 kila moja, na kwenye matoleo ya zamani yalikaa kwenye folda yenye jina linalomalizikia na "log". Kijana kaona log, kaona tarehe za wiki iliyopita, diski imejaa, foleni imefika barabarani, meneja kamsimamia kichwani. Akafuta.

Na diski ilijaa kwa nini? Yale mafaili yalikuwa yananakiliwa kwenye kifaa cha bakapu, yaani cha nakala za akiba, kilichokuwa kwenye kachumba nyuma ya mapokezi. Kunakili kukishindikana kanzidata haitupi faili, inalitunza inasubiri. Na kulishindikana kwa siku kumi na moja, kwa sababu mtu alichomoa plagi ya kifaa ili achomeke birika la chai. Bakapu ya kila usiku nayo ilikuwa inakwenda kwenye kifaa hichohicho. Taarifa za hitilafu zilikuja kila siku kwenye barua pepe yangu, ambako mwenyewe nilishaziwekea kichujio zisinisumbue.

Nikashuka mjini kwa bodaboda na damu ya mbuzi kwenye shati. Tulinakili kila kilichobaki kabla ya kugusa chochote, kisha tukailazimisha kanzidata iwake bila daftari lake (kuna amri ya kufanya hivyo, naomba Mungu msije mkaihitaji). Iliwaka, lakini kuwaka si kupona. Unaweza kukuta muamala umeingia nusu. Kwa hiyo tulitoa data yote, tukaiweka kwenye kanzidata mpya, tukaanza kulinganisha stakabadhi kwa stakabadhi na taarifa za miamala ya simu. Mkesha wa Krismasi mimi, kijana na dada wawili wa dirishani tulikula machalari juu ya mafaili. Miamala kumi na minne haikukaa sawa, tukaifuata kwa wanachama mmoja mmoja.

Hayo ni ya ufundi, na ufundi nauweza. Kilichonishinda kilikuja Januari.

Bodi iliitisha kikao. Mwenyekiti alishaamua: kijana aondoke. Nikaambiwa niandike maelezo. Wakuu, nitasema ukweli kwa kuwa hamnijui. Rasimu yangu ya kwanza ilimzamisha yule dogo. Kila sentensi ilikuwa kweli. "Alifuta mafaili bila idhini." "Hakufuata utaratibu." Utaratibu upi? Haukuwepo. Ulikuwa kichwani mwangu, nao ulikwenda Kibosho.

Kilichonigeuza ni kitu kidogo. Usiku huo nilikuwa nasoma maelezo ya toleo la 10 la PostgreSQL, maana sisi tulikuwa tumekwama kwenye 9.6, ambalo waundaji waliacha kulihudumia Novemba 2021. Nikakuta kwamba kwenye toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, folda ile ilibadilishwa jina ikawa pg_wal, hasa kwa sababu watu walikuwa wakiiona wanadhani ni logi za kutupa. Yaani kosa la kijana wangu lilikuwa limeshafanywa na watu wa kutosha duniani hata waundaji wakaona dawa ni kubadilisha jina la folda. Dawa hiyo ilikuwa imetolewa miaka mitano kabla ya ile Ijumaa. Aliyekuwa hajapandisha toleo ni nani? Mimi, Mkuu wa Kitengo.

Nikachana rasimu. Niliingia kwenye bodi nikaanza na birika, nikamalizia na kichujio changu cha barua pepe. Nilikatwa posho miezi mitatu. Kijana alibaki.

Swali langu: ninyi mliotoka kwenye ufundi mkakabidhiwa watu, nani aliwafundisha? Maana mimi nilifundishwa na birika.

---

MtoriMoto

Siti ya mbele. Ngoja waje.

---

KijanaWaNjiro

Mleta uzi, heshima yako, kisa kimenigusa. Ila nina ugomvi na kitu kimoja. Kwa nini tunadhani fundi mzuri lazima awe bosi? Hapa Arusha nipo kampuni ya utalii, mifumo ya kupokea nafasi za wageni na malipo. Niliitwa mara mbili niwe meneja nikakataa. Hapa kwetu fundi bora anazawadiwa kwa kunyang'anywa ufundi wake. Unapoteza msimamizi mzuri wa kanzidata, unapata meneja wa ovyo, na wote wawili ni mtu mmoja.

Lakini siongozi? Naongoza. Skripti (orodha ya amri za kompyuta) yoyote inayogusa data halisi haiendi mpaka mwingine aisome, hata yangu, hasa yangu. Mwanzoni vijana waliogopa kunisahihisha. Nikaanza kuacha kosa makusudi nione nani ataliona. Binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliliona, nikamsifia mbele ya wote, toka hapo mdomo hauzibi, kila mtu ananikosoa mpaka najuta 😂

---

MangiWaJedwali

@KijanaWaNjiro nakubali nusu. Ofisi yenu ina watu wa kugawana. Huku wilayani kitengo ni watu wawili. Ukikataa ukuu, wanamleta mtu asiyejua tofauti ya seva na friji, anakuwa juu yako. Kwa hiyo unaupokea, halafu unajifunza.

Hiyo ya kuacha kosa makusudi nimeiiba. Nitaitumia kwenye majaribio, siyo kwenye salio za watu.

---

Mzalendo_Halisi

Mnalea uzembe. Hela za wanyonge zilikuwa hatarini, mtu kafuta mafaili asiyoyajua, anabaki kazini? Kwenye benki kubwa angeondoka siku hiyohiyo. Huruma si uongozi.

---

MangiWaJedwali

Mkuu, hoja yako niliisikia kwa mwenyekiti, tena kwa sauti kubwa kuliko hii. Nikujibu nilivyomjibu.

Yule dogo alinipigia ndani ya dakika tano akasema "nimefuta". Hakusema "mfumo umejizima wenyewe". Sentensi hiyo ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu nilijua nini cha kutafuta na nilimwambia asiguse tena kitu. Ningemfukuza, kijana atakayekuja baada yake atakuwa ameshasikia kisa. Siku akiharibu ataficha saa sita nzima, na saa sita za kuficha kwenye kanzidata ni msiba.

Mfano wa wakubwa upo pia. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ambayo watengeneza programu duniani kote wanahifadhi kazi zao kwake, mhandisi wao alikuwa amechoka usiku, akafuta folda ya data kwenye seva isiyo yenyewe. Takriban gigabaiti 300 zikaondoka. Kwenda kwenye bakapu, njia moja baada ya nyingine haifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa sita hivi kabla, na aliyeichukua ni huyohuyo mhandisi. Walifanya nini? Walirusha urejeshaji moja kwa moja YouTube dunia ikitazama, na kwenye ripoti mhandisi wakamwita "mwanatimu wa 1", jina wakalificha. Ripoti ikaeleza mfumo ulioruhusu kosa.

Na benki kubwa kumfukuza ndiyo, huenda. Lakini hata huko sijui kama inawasaidia.

---

DadaWaSeva

Wanaume mnapenda visa vya vita. Ngoja niwape vya amani.

Nasimamia kanzidata kwenye hospitali moja hapahapa Moshi. Kwetu mfumo ukisimama, daktari hajui mgonjwa alipewa dawa gani jana, kwa hiyo sina anasa ya kuwa shujaa. Nilipopewa usimamizi, cha kwanza nilichofanya ni kuacha kushika kibodi.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi tunafanya zoezi la kurejesha. Tunachukua bakapu ya jana, seva tupu, na mdogo kuliko wote ndiye anayerejesha. Mimi nakaa nyuma, mikono kwenye mifuko ya koti. Haki ya Mungu ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Unaona kabisa anakosea njia, ulimi unawasha, unanyamaza. Anarudi nyuma mwenyewe, anaandika kwenye daftari la kitengo pale maelekezo yalipompoteza. Mara ya kwanza zoezi lilichukua siku mbili. Sasa kabla ya chakula cha mchana tumemaliza, hata nikiwa likizo. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu, jamani, haina tofauti na tiketi ya bahati nasibu.

La pili, hili ni la dada zangu. Vikao vyangu vya kwanza vya menejimenti nilikuwa mwanamke pekee wa ufundi, na kila mara naombwa niandike muhtasari. Nikaudhika mwanzoni. Baadaye nikagundua anayeandika muhtasari ndiye anayeamua kilichokubaliwa kiliandikwaje. "Uongozi umepokea taarifa kwamba seva imezeeka na umeamua kuahirisha ununuzi." Mkurugenzi akisoma sentensi hiyo kabla ya kusaini, mkono unakuwa mzito. Seva ilinunuliwa. Nilipoipata ndiyo nikasema zamu ya muhtasari izunguke.

---

MtoriMoto

Dada hapo kwenye muhtasari umeua 😂😂 Nimeagiza bakuli la pili.

---

MekuMstaafu

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta. Nilikuwa mhasibu, sasa nimestaafu, nipo kwenye bodi ya ushirika mmoja. Mjukuu kanionyesha uzi huu, nikaona nami niseme, maana mnatusema sisi wazee wa bodi bila sisi kuwepo.

Tatizo lenu mnakuja kutuomba hela kwa lugha ya mashine. Mwaka juzi kijana wetu alisimama akasema, "Toleo letu limefikia ukomo wa huduma, tunahitaji kuhamia." Tukatazamana. Mmoja akauliza, "Kwani halifanyi kazi?" Akajibu, "Linafanya." Basi, tukapitisha ajenda inayofuata, bati la ghala.

Angesema hivi: "Wazee, ikitokea dirisha likafungwa siku ya malipo ya kahawa, wanachama wetu watalala mjini kwa gharama zao, na siku tatu baadaye tutaanza kusikia wanahamisha akiba. Kuzuia hilo ni shilingi kadhaa. Nikikosa hela yote, kwa nusu yake nitazuia hiki, kile kitabaki hatari, na ninaomba bodi iandike kwamba imekubali kubaki na hatari hiyo." Hapo mzee yeyote anakaa vizuri kwenye kiti.

Baba yangu alikuwa karani wa kupima kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa hapa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, na yeye alifanya kazi vijijini miaka mingi. Alikuwa anasoma mizani kwa sauti, mkulima anarudia, ndipo anaandika. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda, akaniambia mkulima hajui kusoma kitabu changu lakini sauti yangu anaijua. Ninyi kitabu chenu kiko ndani ya mashine. Sauti tunaisikilizia wapi?

Jambo jingine. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili kwenye Tume husika. Bodi yetu ilisikia hayo kwa mwanasheria wa nje, na ilitupasa tuyasikie kwa mkuu wetu wa TEHAMA. Yeye alikuwa anajua, alidhani hayamhusu. Ukishapewa kiti cha ukuu, mwanangu, yanakuhusu.

---

MangiWaJedwali

Shikamoo Meku. Nimechapa maneno yako nimebandika ukutani. Sentensi ya "bodi iandike kwamba imekubali kubaki na hatari hiyo" ningekuwa nayo mwaka 2021, nisingeshuka Kibosho na bodaboda.

---

Fresha_IT

Wakuu shikamooni. Mimi nipo mwaka wa tatu, Arusha. Sasa tusomee nini jamani? Vyeti tuache?

---

KijanaWaNjiro

Marahaba. Vyeti usiache dogo, vinakufungulia mlango wa usaili. Jua tu vinapima nini. Vya Oracle au Microsoft vitapima kama unaijua bidhaa. Hakuna mtihani unaouliza, "Mwenzako kafuta data, meneja anapiga kelele, wewe unaanza na nani?"

Uongozi wenyewe usiende kuutafuta mbali. ESAMI, taasisi ya menejimenti, ipo hapahapa Arusha, na watu wanapanda ndege kutoka nchi nyingine kuja kusoma menejimenti pale, sisi tunapita nje na daladala. Chuo cha Uhasibu Arusha kipo Njiro, na wa Moshi wana Chuo Kikuu cha Ushirika, ambako ukikaa na watu wa vyama vya ushirika utajifunza fedha zinavyofikiriwa. Mtu wa kanzidata akijua kusoma mizania, bodi inamwona kama mwenzao. Halafu jisajili Tume ya TEHAMA kama mtaalamu, usingoje uambiwe.

Bure kabisa: jifunze kuandika. Ukurasa mmoja wa Kiswahili safi unaoeleza tatizo kwa mtu asiye wa IT. Nimeona watu wenye shahada ya pili wanashindwa.

---

DadaWaSeva

Naongezea kwa @Fresha_IT: jitolee kumfundisha mtu. Yeyote, hata mama wa duka anayeweka mauzo kwenye simu. Utajua kama unaelewa kitu siku utakapomweleza mama mwenye haraka.

---

Mzalendo_Halisi

Mleta uzi nimesoma majibu yote. Bado nasema angepewa onyo la maandishi. Ila hiyo ya dakika tano nimeielewa. Kwenye kitengo changu mwezi uliopita kijana alificha kosa siku mbili, sasa najiuliza kama ni kwa sababu yangu.

---

MangiWaJedwali

Onyo alipewa, mkuu: la kwanza akapewa yeye, la pili nikapewa mimi. Tumeyaweka kwenye fremu moja ofisini, kila mgeni anacheka.

Na kuhusu kijana wako, muulize. Mwite chai nje ya ofisi, umwambie kwanza kosa lako moja la zamani lililokutia aibu kweli, siyo lile la kujisifu. Mimi nilianza na kichujio cha barua pepe. Yeye akanieleza kwamba siku ile kabla ya kufuta alinipigia mara mbili sikupokea, akaogopa kunipigia ya tatu kwa sababu nilishawahi kumfokea kwa kunisumbua likizoni. Hiyo haikuwa kwenye ripoti yoyote.

---

Fresha_IT

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: huyo kijana yuko wapi sasa? Na lile birika?

---

MangiWaJedwali

Kijana ndiye msimamizi wa kanzidata sasa, toleo tumepandisha, na nywila kuu ziko kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwa meneja, moja kwa mwenyekiti. Desemba iliyopita nilikaa Kibosho wiki mbili. Alinipigia mara moja, kuniuliza kama nimebakiza ndafu.

Birika lipo jikoni. Kifaa cha bakapu kimehamia chumba cha seva, na ile soketi ya kachumbani nimeigongea ubao.

---

MtoriMoto

Ubao wa mninga au mbao laini? Hao watu wa chai nawajua.